Siku Mavyaa Alipokwenda Jikoni kwa Mchina

Shamba la Mpunga,
Vigwaza.

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi kutoka huku pwani. Kabla sijasema langu nataka kujua hali ya magoti yako, maana katika barua yake ya mwisho Asha aliniambia siku hizi unashuka ziwani na fimbo, na mimi sikulala vizuri kwa habari hiyo. Na kifua cha baba je, kimetulia? Mwambie asikae nje jioni bila koti, hata kama anaona joto. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, na leo naweza kuliandika neno hilo bila kukudanganya.

Asha mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Kama hapo sebuleni wamekaa wanaume, kunja karatasi hii kwanza, uwape kahawa yao wanywe waondoke. Yanayofuata ni ya mama na wewe. Baba ataambiwa na mama kwa namna yake.

Mama, nina mimba, na imeingia mwezi wa saba.

Najua umeshika kichwa na unauliza kwa nini hukuambiwa. Ile ya kwanza nilikuandikia mapema, ukafurahi, ukanijibu, na kabla jibu lako halijanifikia ilikuwa imeshatoka. Nililisoma jibu lile, na majina uliyotaja ndani yake, nikiwa nimelala kitandani. Sikutaka wewe na mimi tupite njia ile tena. Safari hii nilimwambia Salum kwamba barua haitakwenda Ujiji mpaka mtoto acheze, na akishacheza tungoje kidogo tena. Sasa anacheza mpaka nguo inatikisika.

Lakini tumefika hapa kwa taabu, na ndiyo hasa niliyotaka kukusimulia.

Mimba hii ilinichukiza chakula. Mwanzoni nilidhani ni kichefuchefu cha kawaida kama cha wanawake wote, kitapita. Hakikupita. Nikinywa chai inarudi. Nikila wali unarudi. Ikafika mahali hata maji ya mtungi yakawa yanarudi. Huku tunakoishi ni bondeni, mto Ruvu uko karibu, na wakati ule mvua zilikuwa zimekwisha, jua linawaka juu ya majaruba na mvuke unapanda kutoka kwenye matope kama jikoni. Nilikuwa nalala kwenye mkeka mlangoni nikitafuta upepo. Salum akitoka karakana ya matrekta ananikuta palepale aliponiacha asubuhi, anavua viatu, anakaa karibu yangu. Pete yako uliyonipa ilianza kunivuka kidoleni nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Salum akaona hili limemshinda, akapeleka habari Bagamoyo kwa mama yake. Mavyaa akaja.

Wewe ulimwona mara moja tu, siku ya harusi, na siku ile alikuwa amejitanda buibui, amekaa kimya kama mgeni mwenye adabu. Basi ujue kwamba Bi Mwanahawa si mtu wa kukaa kimya. Ni mwanamke wa mji wa zamani, amezaliwa katika nyumba ya mawe, amelea watoto na wajukuu, na jikoni hakuna anayembishia. Alifika na kapu kubwa. Ndani yake mlikuwa na kinu chake kidogo na mchi wake, kisu chake, chupa ya siki anayotilia achari, na mbuzi ya kukunia nazi. Nazi zenyewe zilimfuata kwenye gunia.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, mama. Kumbe katika vyote ambavyo mimba hii ilivikataa, kilichozidi ni harufu ya tui la nazi. Na mavyaa hana chakula kisicho na nazi. Wali wa nazi, samaki wa kupaza, kunde za nazi, hata uji wangu wa asubuhi aliutia tui ili upate nguvu. Alikuwa anapika kwa mapenzi, namwona jinsi anavyochuja tui la kwanza na kuliweka kando kwa ajili yangu, na mimi huku ndani nimeziba pua kwa kanga. Akileta sahani, najitahidi tonge moja, halafu natoka mbio.

Siku ya tatu au ya nne akanyanyua sahani yangu iliyojaa, akaitazama. Akasema, "Mwanangu, kama chakula cha kwetu hukitaki, niambie. Ninyi watu wa ziwani mmezoea mawese. Nitamtuma mtu Dar akayatafute."

Nikasema, "Hapana, mama, chakula chako kitamu."

"Kitamu lakini mbwa ndio wanaokila."

Ningemwambiaje mwanamke aliyetoka kwake na nazi zake kwamba hizo nazi ndizo zinazonitoa roho? Na yeye akaniona nina kiburi. Tukawa tunaishi nyumba moja, vyumba viwili, tunasalimiana asubuhi na jioni na katikati hakuna maneno. Salum anaingia kwangu anakuta machozi, anatoka uani anakuta mama yake amenuna.

Mganga wa zahanati yetu alinitundikia maji, akanishika tumbo, akasema mtoto ni mzima ila mama yake anakauka. Akasema wiki ile ikiisha bila mimi kula atanipeleka Dar nikalazwe. Nilimwona mavyaa anavyolishika neno hilo "kulazwa". Ile ya kwanza pia walinilaza.

Sasa nikwambie habari za Wachina. Katika shamba hili wako wataalamu kutoka China wanaofundisha kilimo cha mpunga wa kumwagilia. Ni watu wa kazi, wanaingia majarubani na suruali zimekunjwa magotini kama vibarua wengine. Wana mpishi wao, Bwana Chen, mtu mwembamba wa makamo, na nyuma ya nyumba yao amelima bustani ya mboga ambayo kila anayepita lazima asimame aitazame. Kiswahili chake amekiokota hapahapa shambani, kinamtosha. Salum huwa anawatengenezea pampu yao, na siku moja walimkaribisha chakula cha mchana. Salum anajua mipaka yake, hakugusa nyama. Akapewa matango.

Jioni alirudi na bakuli limefunikwa kwa sahani. Akalifunua mbele yangu. Mama, ile harufu. Ilikuwa siki, na kitunguu saumu, na ufuta, na ubaridi fulani wa tango lililotoka sasa hivi shambani. Mate yakanijaa mdomoni. Si yale mate ya kichefuchefu, ni ya njaa. Nilikuwa nimesahau njaa inavyokuwa. Nikanyoosha mkono.

Mkono wa mavyaa ukafika kabla ya wangu. Akalichukua bakuli, akalinusa. "Limetoka wapi hili?"

Salum akasema, "Kwa Bwana Chen, mama. Ni kachumbari tu, matango matupu."

"Yule Mchina anakula nguruwe?"

Salum akakuna kichwa. "Nadhani anakula."

"Kisu kilichokata matango haya, kilikata nini jana?"

Mavyaa akanigeukia. "Mwanangu, hiki usikitie kinywani. Una kiumbe tumboni." Akatoka nalo nje, akalimwaga kwenye shimo la taka.

Nililia, mama. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi, mbele ya mume wangu na mavyaa wangu, sikuona hata haya. Nikasema, "Ningekula. Ningekula lote." Nikarudia hivyo hivyo.

Mavyaa alisimama mlangoni na bakuli tupu mkononi. Nilidhani atanikaripia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ungekula kweli?"

"Kweli, mama."

"Lisingerudi?"

"Sijui. Lakini nimelitamani."

Asubuhi yake, baada ya Salum kunywa chai, akajitanda buibui lake, akatia ndani ya kapu kinu, mchi, kisu chake, kibao, bakuli la udongo na chupa ya siki, akamwambia mwanawe, "Nipeleke kwa huyo Chen. Nataka kuona kwa macho yangu."

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Salum, na mengine kwa mavyaa mwenyewe, na hawapingani sana.

Walimkuta Bwana Chen amechutama bustanini anapalilia. Mavyaa akapiga hodi hapohapo kwenye ua wa miti. Akajibiwa, "Karibu, mama. Shikamoo." Hilo la shikamoo lilimpunguza makali kidogo, lakini hakukubali kukaa. Akauliza palepale, "Wewe unakula nguruwe?"

Salum anasema alitamani ardhi ipasuke. Bwana Chen hakukasirika. Akasema, "Ninakula, mama."

"Na kisu chako cha matango?"

Akafikiri. Angeweza kusema uongo, nani angejua? Akasema, "Kisu kimoja tu. Nyama, mboga, kisu hicho."

Mavyaa akatikisa kichwa. "Ahsante kwa kusema kweli. Basi kisu chako kaa nacho. Mimi nimekuja na vyangu. Mkwe wangu ana mimba, hali kitu, na jana alilia kwa ajili ya matango yako. Nifundishe."

Bwana Chen akamtazama, akatazama kapu, akacheka kwa furaha. Akaenda kunawa mikono kwa sabuni, mpaka viwiko, mavyaa anamwangalia. Akachuma matango machanga, akaleta vigoda viwili kivulini. Akachukua mchi wa mavyaa, akalaza tango kwenye kibao, akaligonga. Tango likapasuka. Mavyaa akasema, "Mbona unaliua? Kwa nini hulikati?" Bwana Chen akachukua kisu cha mavyaa akakata tango jingine vipande laini, akaviweka kando ya vile vya kupasuka. Akamwonyesha kwa kidole: hivi vilivyokatwa ni laini, siki inateleza, inapita. Hivi vilivyopasuka vina mikunjo, siki inaingia ndani. Mavyaa akainamia kibao akatazama. Akasema, "Aa. Kama muhogo wa kuvunja kwa mkono." Kutoka hapo wakawa wanaelewana.

Ilipofika kwenye ule mchuzi wao mweusi wa maharage ya soya, mavyaa akanusa chupa, akauliza kama kuna ulevi ndani yake. Bwana Chen akasema hajui hasa jinsi kiwandani wanavyotengeneza. Mavyaa akarudisha kizibo. "Tutatumia chumvi." Siki ya Bwana Chen pia aliikataa akatoa ya kwake, na mpishi akaionja kwa ncha ya ulimi akafumba macho, akaomba kuonja tena. Salum anasema mama yake alijaribu kuficha alivyofurahi, ikashindikana.

Wakati matango yanatoa maji kwenye chumvi, hapana kazi ila kungoja. Bwana Chen ndiye aliyeanza. Akasema, "Mke wangu, mtoto tumboni, alikula hii. Kila siku. Joto sana kule, kama hapa."

Mavyaa akauliza, "Na mtoto alizaliwa salama?"

"Salama. Msichana. Mimi niko hapa, yeye amezaliwa kule." Akatoa picha mfukoni, mtoto amekaa kwenye kiti cha mianzi. "Sasa anatembea. Mimi bado kumwona."

Mavyaa aliishika picha ile muda mrefu. Aliporudi nyumbani na kunisimulia, hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. Akasema, "Mtu yule anapika matango ya mkewe kwa watu wengine."

Basi akarudi, akaitengeneza kachumbari ile upya nyumbani kwetu, mbele yangu, kwa mkono wake. Mama, nawe uijaribu, maana matango yako huko na ufuta hukosi sokoni. Tafuta matango machanga ya ngozi nyembamba, uyaoshe, usiyamenye. Yalaze juu ya kibao uyagonge kwa mchi, pigo moja au mawili, yapasuke tu, usiyasage. Halafu yavunjevunje kwa mkono, vipande vya kuingia mdomoni mara moja. Nyunyiza chumvi, uyaache nayo kidogo, utaona yanalia maji. Yakamue, maji umwage. Ponda kitunguu saumu na pilipili mbichi, kama tumbo linairuhusu. Tia siki na sukari kidogo tu ya kuivunja siki makali. Wao wanamalizia na mafuta ya ufuta. Sisi mafuta hatukuwa nayo, mavyaa akakaanga ufuta mkavu kwenye chungu mpaka ukaanza kurukaruka, akautwanga wa moto, ukatoa mafuta yake wenyewe. Nyumba nzima ikanukia. Mwisho aliliweka bakuli la udongo ndani ya beseni lenye maji ya mtungini, likapoa. Anasema hii ni achari isiyongoja jua.

Akaniletea. Akakaa chini mkekani mbele yangu, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu aje. Nikala kipande kimoja. Baridi yake ilishuka mpaka tumboni. Tukangoja wote watatu, Salum amesimama, mikono nyuma kama mtu aliye mahakamani. Hakikurudi. Nikala cha pili. Nikala bakuli lote, na mwishoni nikaomba wali mweupe wa kushindilia, usio na kitu.

Mavyaa akasema, "Usio na kitu?"

Nikaona ndiyo saa yake, kama sikusema leo sitasema tena. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Ni harufu ya nazi. Si mkono wako, si chakula chako. Ni nazi tu, tangu mimba ilipofika mwezi wa pili. Niliona haya kukwambia."

Akainuka, akaenda uani. Nikasikia vitu vinahamishwa, nikajua nimeharibu, anafunga mizigo. Kumbe amebeba mbuzi yake ya nazi na gunia lake, amevipeleka kwa jirani yetu Mama Pili, yule Mkwere kutoka Kiwangwa. Tangu siku hiyo, mavyaa akitaka chakula chake cha nazi, anakwenda kupika kwa Mama Pili na kukila hukohuko, anarudi amenawa mikono na mdomo. Kwangu haijakunwa nazi tena. Jioni ile alinifunika shuka miguuni, akasema, "Mimi mimba ya Salum ilinikataza samaki. Mume wangu mvuvi, mwana wa bahari, na mimi nikiona samaki najificha. Mama mkwe wangu mimi hakuniamini mpaka nikazimia jikoni kwake. Ungesema, mwanangu." Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja.

Kutoka matango nikaanza kula vingine. Kwanza wali mweupe na matango, baadaye dagaa wa kukaanga, halafu nanasi la Mama Pili, halafu maharage. Mganga wa zahanati hakuzungumza tena habari za Dar. Mwezi uliopita alipiga magoti kunisikiliza tumbo, akatabasamu kabla hajasema. Pete imerudi kidoleni, na sasa inanibana.

Bwana Chen hajaingia nyumbani kwetu, ana haya, lakini matango yanafika mlangoni yamefungwa kwa majani. Mavyaa naye humpelekea mikate ya kumimina na achari, anamwita "yule mtoto", ingawa mtu mwenyewe ana mvi. Juzi mpunga ulipovunwa alimwambia, "Mwaka huu nenda ukamwone binti yako." Akamjibu kwamba ameshaandika kuomba ruhusa. Tunamwombea.

Mama, sasa lililo moyoni mwangu. Nataka uje. Najua njia ni ndefu na magoti yako hayakusaidii. Lakini treni ya kutoka Kigoma inasimama Ruvu, hapa karibu, huna haja ya kufika Dar wala kuhangaika na mabasi. Asha akusindikize, shule itakuwa imefungwa. Salum atawangoja stesheni. Mwambie baba nimeomba kwa adabu, na kwamba shangazi Bi Tatu anaweza kumpikia siku hizo, kama hawatagombana juu ya chumvi.

Nisalimie huyo shangazi. Nisalimie baba mdogo Rajabu, fundi wetu wa mitumbwi, na mkewe aliyenifundisha kusuka mkeka. Bibi mzaa baba mwambie kwa sauti ya juu, karibu na sikio la kulia, kwamba mjukuu wake anakula na ananenepa. Wifi yangu Mariamu nampa pole ya msiba wa mama yake, sikuisahau, nilikuwa sina nguvu ya kushika kalamu. Na wewe Asha, ahsante kwa kusoma, na usiwasomee wenzako shuleni.

Mavyaa amekaa hapa ubavuni ananiuliza nimeandika nini kirefu hivi. Nimemsomea. Amenisahihisha mahali pawili, anasema hakumuuliza yule mtu nguruwe kwa ukali, alimuuliza kwa upole. Nimemwambia barua imeshaandikwa. Sasa anataka kuweka neno lake kwako, naliandika kama anavyolitamka:

"Mwenzangu, salaam. Siku ya harusi hatukupata kuzungumza, kila mtu alikuwa na shughuli zake. Mwanao nimemkuta amelala mlangoni, leo anafagia ua na mimi namkataza. Nimefanya niliyoyaweza, mengine ni ya Mungu. Lakini siku ya uchungu mtoto wa kike humwita mama yake, na mimi nikiitikia atajua si wewe. Njoo, tukae wawili mlangoni."

Ni mimi mwanao anayekungoja,

Zuhura